Mungu Anayengoja: Uvumilivu Wake na Tumaini la Uumbaji Mpya

Maswali mawili yamewafuata Wakristo tangu kizazi cha mitume. La kwanza linahusu wakati: ikiwa Kristo aliahidi kurudi, mbona hajarudi hadi leo? La pili linahusu hatima ya ulimwengu: atakaporudi, dunia hii, pamoja na bahari zake, milima yake, wanyama wake na kazi za mikono ya wanadamu, itakuwaje? Katika mafundisho mengi maswali haya hutenganishwa. La kwanza huchukuliwa na wapenda kukokotoa tarehe, na la pili hujibiwa kwa sentensi moja ya haraka, kwamba dunia itateketezwa na waaminio watahamia mbinguni. Nionavyo, kuyatenganisha ndiko kunakofanya yote mawili yasieleweke. Namna Mungu anavyongoja na kile anachokusudia kukifanya havitengani, na asiyejua Mungu anataka kuufanyia nini ulimwengu wake hawezi kujua kwa nini hajaumaliza.

Sehemu ya Maandiko inayoyaunganisha waziwazi kuliko zote ni sura ya 3 ya Waraka wa Pili wa Petro. Wasomaji wa waraka huo walikuwa wakikabiliwa na wenye dhihaka waliouliza: “Iko wapi ahadi ile ya kuja kwake? Kwa maana, tangu hapo babu zetu walipolala, vitu vyote vinakaa hali iyo hiyo, tangu mwanzo wa kuumbwa.” Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Waliotangulia katika imani walikuwa wamekwisha kufa bila kuiona siku waliyoitarajia, na jua liliendelea kuchomoza na kuzama kama zamani. Ukiisikiliza vizuri, dhihaka hiyo imebeba madai mawili: kwamba Mungu amechelewa, na kwamba ulimwengu hauna mabadiliko yoyote ya kutarajiwa. Mwandishi anayajibu yote mawili, tena anaanza na la pili.

Si kweli, anasema, kwamba vitu vyote vimekaa katika hali ile ile. Mbingu na nchi zilitokea kwa neno la Mungu, na kwa neno hilo hilo dunia ya wakati wa Nuhu “iligharikishwa na maji, ikaangamia”. Ulimwengu haujisimamii wenyewe. Umeshikwa na neno, na neno hilo limewahi kuugeuza. Kuhusu kuchelewa, anarejea Zaburi ya 90, ile inayoitwa sala ya Musa, na kukumbusha kwamba “kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu, na miaka elfu ni kama siku moja”.

Maneno haya yamegeuzwa kuwa kanuni ya hesabu mara nyingi mno. Waraka unaojulikana kwa jina la Barnaba, ulioandikwa mapema katika historia ya Kanisa, ulizichukua siku 6 za uumbaji kuwa miaka 6,000 ya historia, ambayo mwisho wake ungekuwa mwisho wa dunia ya sasa. Karne nyingi baadaye, nchini Marekani, mhubiri William Miller aliifuata njia yake mwenyewe ya hesabu, akizisoma siku 2,300 za kitabu cha Danieli kuwa miaka, na wafuasi wake wakaingoja tarehe 22 Oktoba 1844. Siku hiyo ilipita kama siku nyingine, na huzuni iliyofuata ilikuwa ya kweli na nzito, kwa maana watu wale walikuwa wameingoja kwa moyo wote. Lakini kauli ya Petro haibebi kanuni yoyote, kwa sababu inakwenda pande mbili. Kama miaka elfu ni kama siku moja, basi kwa Mungu historia ndefu si mzigo. Na kama siku moja ni kama miaka elfu, basi siku moja ya mtu mmoja inapata kwake uangalifu ambao sisi tungeutoa kwa milenia nzima. Hesabu inayogeuka hivyo haiwezi kutumiwa kupata tarehe. Inatumika kumweleza Mungu alivyo: habanwi na wakati, wala haupuuzi.

Kisha unakuja mstari wa 9, ambao ndio kiini cha jibu: “Bwana hakawii kuitimiza ahadi yake, kama wengine wanavyokudhani kukawia, bali huvumilia kwenu, maana hapendi mtu yeyote apotee, bali wote wafikilie toba.” Muda unaoonekana mtupu umejazwa nia. Mungu hajasahau, hajashindwa, wala hajabadili shauri lake, anawangoja watu.

Wazo hili halikubuniwa ili kuwatuliza waumini waliokata tamaa kwa sababu Kristo hakurudi upesi. Lina mizizi mirefu katika Agano la Kale. Katika Kutoka 34, baada ya Israeli kuabudu ndama ya dhahabu, Mungu anapita mbele ya Musa na kulitangaza jina lake: mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira. Mahali tangazo hilo lilipowekwa panastahili kutazamwa kwa makini. Mungu hajitambulishi kuwa mpole wa hasira wakati watu wake walipokuwa waaminifu, bali pale hasira ilipokuwa na sababu zote. Uvumilivu, kwa hiyo, si tabia inayoonekana kwake wakati hakuna kinachomchukiza. Ni uamuzi wake mbele ya uovu anaoujua kikamilifu.

Nabii Yona aliyajua maneno hayo ya Kutoka, na ndiyo yaliyomkasirisha. Katika sura ya 4 ya kitabu chake anamlalamikia Mungu kwamba alikimbilia Tarshishi kwa sababu alijua tangu mwanzo kuwa Mungu ni mwenye neema na angeghairi mabaya aliyowaonya nayo watu wa Ninawi. Ninawi haikuwa mji wa kawaida. Ilikuwa miongoni mwa miji mikuu ya Ashuru, dola iliyosifika kwa ukatili wa vita. Yona alitaka haki, na alichokiona ni subira. Jibu la Mungu linakifunga kitabu kwa swali: je, asiuhurumie mji ule mkubwa, wenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kulia na wa kushoto, “tena wanyama wa kufugwa tele”? Wasomaji wengi huipita haraka sehemu hiyo ya mwisho kana kwamba ni ziada. Kwangu mimi ni miongoni mwa maneno yenye uzito mkubwa katika suala letu. Mungu anapoeleza kwa nini ameuahirisha uharibifu, anawahesabu ng'ombe na kondoo pamoja na watu. Subira yake kwa wenye dhambi inawakinga viumbe ambao hawakutenda dhambi yoyote.

Jambo hilo hilo limo katika habari ya Nuhu, ambayo Petro ameichagua kuwa mfano wake. Waraka wa Kwanza wa Petro unasema uvumilivu wa Mungu ulikuwa ukingoja siku zile safina ilipokuwa ikitengenezwa. Maji yalipokwisha, agano lililofuata katika Mwanzo 9 halikufanywa na Nuhu na uzao wake peke yao, bali na kila kiumbe hai kilichotoka safinani, kwa vizazi visivyo na mwisho. Dunia tunayoishi leo ipo chini ya ahadi hiyo. Kila majira ya kupanda na ya kuvuna yanayopita bila dunia kufutwa ni kazi ya agano, hata pale ambapo hakuna anayelikumbuka.

Mwandishi wa karne ya 2, Yustino Mfiadini, aliichukua hoja hii hatua moja mbele, na hatua hiyo imenigusa kuliko maelezo mengine yote. Akiwatetea Wakristo mbele ya watawala wa Kirumi, alieleza kwamba Mungu ameahirisha hukumu kwa ajili ya jamii ya wanadamu, kwa maana anawajua tangu awali wale watakaookolewa kwa toba, wakiwamo wengine ambao huenda hawajazaliwa bado. Yafikiri maneno hayo yalivyokuwa yakiandikwa katika miaka ya 150 hivi. Kama Mungu angeikubali haraka ya wale waliouliza mwaka 150 kwa nini anakawia, au mwaka 500, au mwaka 1844, kila anayeyasoma maandishi haya asingekuwapo. Sisi ndio tuliokuwa hatujazaliwa. Anayelalamika kwamba Mungu amekawia analalamika, bila kujua, juu ya nafasi aliyopewa yeye mwenyewe ya kuwapo, kusikia na kugeuka.

Hata hivyo, si haki kuishia hapo, kwa sababu uvumilivu una gharama, na mara nyingi anayeilipa si yule anayevumiliwa. Mungu anapomvumilia mdhalimu, aliye chini ya kisigino cha mdhalimu huyo anaendelea kuumia. Mwandishi wa kitabu cha Mhubiri aliliona hilo aliposema kwamba kwa kuwa hukumu juu ya tendo baya haitekelezwi upesi, mioyo ya wanadamu huthibitika katika kutenda mabaya. Katika Ufunuo 6 roho za waliochinjwa kwa ajili ya neno la Mungu zinalia chini ya madhabahu, “hata lini”, na hakuna anayezikemea kwa kuuliza. Zinapewa mavazi meupe na kuambiwa zistarehe bado muda mchache. Mtu asipewe aya ya uvumilivu wa Mungu ili anyamaze juu ya dhuluma aliyotendewa. Biblia yenyewe haifanyi hivyo. Zaburi zimejaa kilio cha “hata lini”, na Yesu, katika mfano wa mjane na kadhi dhalimu, anauliza kama Mungu hatawapatia haki wateule wake wanaomlilia mchana na usiku, “naye ni mvumilivu kwao”. Kilio cha haki na uvumilivu wa Mungu vimewekwa katika sentensi moja, bila kimoja kukifuta kingine.

Jibu la Kikristo kwa ugumu huu halijatolewa kwa hoja tupu. Mungu anayevumilia uovu ameyapokea matokeo ya uovu huo katika mwili wake mwenyewe. Msalaba unatuambia kwamba muda wa kungoja haugharimiwi na wanyonge peke yao huku Mungu akitazama kwa mbali. Na bado kilio kinabaki kuwa kilio mpaka haki itendeke, ndiyo maana tumaini la Kikristo haliwezi kuwa tumaini la roho kutoroka. Aliyenyang'anywa ardhi, afya au uhai katika ulimwengu huu hatendewi haki kwa kuambiwa kwamba ulimwengu wenyewe utatupwa. Haki yake inahitaji mahali pa kukaa, na Petro anasema hivyo hasa: tunatazamia mbingu mpya na nchi mpya “ambayo haki yakaa ndani yake”.

Hapa ndipo swali la pili linapotudai jibu. Je, nchi hiyo mpya ni hii iliyofanywa upya, au ni nyingine iliyowekwa mahali pake baada ya hii kuangamizwa kabisa? Anayesoma 2 Petro 3:10 katika tafsiri ya Kiswahili iliyozoeleka anakuta kwamba mbingu zitatoweka kwa mshindo mkuu, viumbe vya asili vitaunguzwa, na nchi na kazi zilizomo ndani yake “zitateketea”. Inaonekana kesi imekwisha. Lakini mstari huu ni miongoni mwa mistari ya Agano Jipya ambayo nakala zake za kale, zilizoandikwa kwa mkono, zinatofautiana kwa namna yenye utata mkubwa zaidi. Nakala mbili za kale zinazoheshimiwa sana, Kodeksi ya Sinai na Kodeksi ya Vatikani, zote za karne ya 4, hazisemi kwamba nchi na kazi zake zitateketea, bali kwamba zitaonekana, yaani zitafunuliwa au kuwekwa wazi. Usomaji wa kuteketea unapatikana katika Kodeksi ya Aleksandria ya karne ya 5 na katika nakala nyingi za baadaye. Wahariri wa toleo la kitaalamu la Agano Jipya la Kigiriki la mwaka 2012 walipendekeza usomaji wa tatu, wenye kukanusha, kwamba nchi haitaonekana, wakiegemea tafsiri za kale za Kikopti na Kisiria, ingawa hakuna nakala ya Kigiriki inayouthibitisha. Wataalamu wengi wanaona ni rahisi kuelewa kwamba mnukuzi alibadili neno gumu la “zitaonekana” na kuweka neno jepesi la “zitateketea” kuliko kinyume chake, nami naiona hoja hiyo kuwa nzuri. Lakini fundisho zima lisitundikwe kwenye kitenzi kimoja ambacho nakala zinabishania.

Lenye nguvu zaidi ni mfano ambao Petro mwenyewe ameutumia. Anasema dunia ya wakati wa gharika “iliangamia”, kisha anasema mbingu na nchi za sasa zimewekwa akiba kwa moto. Maangamizi ya kwanza ndiyo kipimo cha ya pili. Je, gharika iliifuta sayari? Nuhu alitoka safinani akakanyaga udongo ule ule, akapanda mizabibu, na mizeituni ilikuwa imekwisha kuchipua kabla hajatoka. Kilichoangamia ni utaratibu wa jeuri ulioijaza dunia. Ikiwa kuangamia kwa maji kulikuwa na maana hiyo, ni vigumu kuona kwa nini moto usomwe kwa namna nyingine, hasa kwa kuwa manabii waliufahamu moto wa Mungu kuwa moto wa kusafisha. Malaki anamwona Bwana akiketi kama asafishaye fedha. Moto wa msafishaji unatisha, tena unachoma kikweli, lakini fedha ndiyo sababu ya kuuwasha.

Paulo anasema hivyo bila kutumia picha ya moto hata kidogo. Katika Warumi 8 viumbe vyote vinaugua na vina utungu pamoja hata sasa, navyo “vitawekwa huru na kutolewa katika utumwa wa uharibifu, hata viingie katika uhuru wa utukufu wa watoto wa Mungu”. Mtu hawekwi huru kwa kufutwa. Na utungu anaoutaja ni wa kuzaa, si wa kukata roho. Zaidi ya hayo, Paulo anaifunga hatima ya viumbe kwenye ukombozi wa mwili wetu. Hapa tunafika kwenye msingi ambao kwangu unatosha kuliamua suala hili: ufufuo wa Yesu. Kaburi lilikuwa tupu. Mungu hakuuacha mwili uliosulubiwa uoze na kumpa Mwanawe mwili mwingine usiohusiana nao. Aliufufua ule ule, ukiwa na makovu, ingawa umebadilika kiasi kwamba wanafunzi hawakumtambua upesi. Paulo anamwita Kristo mfufuka limbuko, na limbuko ni sehemu ya mavuno yale yale yanayofuata. Kama hivyo ndivyo Mungu alivyoutendea mwili mmoja uliotokana na mavumbi ya dunia hii, tunajua atakavyoitendea dunia yenyewe: kifo kitakuwa kifo kweli, badiliko litakuwa kubwa kupita tunavyoweza kuwaza, na kitakachofufuka kitakuwa ni hiki hiki.

Kanisa halikuzungumza kwa sauti moja juu ya jambo hili. Katika karne ya 2 Marcion na makundi ya Wagnostiki walifundisha kwamba ulimwengu huu unaoonekana ni kazi ya mungu wa chini, na kwamba wokovu ni kuondoka humu. Irenei wa Lyons aliwapinga kwa nguvu, akasisitiza kwamba Muumba na Mwokozi ni mmoja, na kwamba asili ya uumbaji haitafutwa, bali itakayopita ni sura ya ulimwengu ambamo dhambi ilitendwa. Agostino wa Hipo, miaka zaidi ya 200 baadaye, alishika njia hiyo hiyo kwa kusema kwamba ulimwengu utapita kwa kugeuzwa, si kwa kuangamizwa kabisa. Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Konstantinopoli wa mwaka 381 uliwapa Wakristo maneno ambayo hadi leo wengi huyakiri katika ibada, kwamba wanatazamia ufufuo wa wafu na uzima wa ulimwengu ujao. Kwa upande mwingine, katika karne ya 17 wanateolojia wa Kilutheri kama Johann Gerhard walifundisha kwamba ulimwengu utaondolewa usiwepo kabisa, wakati Waprotestanti wenzao waliomfuata mwanamatengenezo John Calvin kwa kawaida walitetea kufanywa upya. John Wesley, katika karne ya 18, alihubiri juu ya Warumi 8 akatarajia kwamba hata wanyama watarejeshwa katika hali bora kuliko waliyoipoteza.

Sina budi kukiri kwamba upande wa maangamizi una mistari ya kuutetea. Ufunuo 21 unasema mbingu za kwanza na nchi ya kwanza zimekwisha kupita, wala hapana bahari tena. Yesu alisema mbingu na nchi zitapita. Lakini hiyo sura ya 21 ndiyo inayouona mji mtakatifu ukishuka kutoka mbinguni, wala haiwaoni watu wakipanda, wafalme wa nchi wanauletea mji huo utukufu wao, na aketiye juu ya kiti cha enzi anasema, “Tazama, nayafanya yote kuwa mapya.” Hakusema kwamba anafanya vitu vingine vyote vipya. Bahari isiyokuwapo, katika kitabu ambacho mnyama wa kutisha anapanda kutoka baharini, inaelekea kuwa ishara ya machafuko na tishio lililokoma. Kuhusu jinsi hayo yatakavyokuwa, mengi yamefichwa, na anayeyaeleza kwa undani mno anasema asiyopewa.

Tukiyaweka pamoja yote mawili, uvumilivu unaanza kueleweka kwa namna ambayo isingewezekana kama mwisho ungekuwa ni kuangamiza. Anayekusudia kuangamiza hana sababu ya kungoja. Kila siku ya kungoja ingekuwa hasara kwake, na subira yake ingekuwa tu kusitasita kabla ya kupiga. Lakini anayekusudia kuponya kitu kilichoharibiwa na wanaokitunza lazima awashughulikie hao kwanza, maana ulimwengu uliofanywa upya na kukabidhiwa kwa watu wale wale wasiogeuka ungeharibika tena kabla ya jua kuzama. Viumbe, asema Paulo, vinatazamia kwa shauku nyingi kufunuliwa kwa wana wa Mungu. Vinawangoja watu wabadilike. Mungu naye anawangoja. Toba ya mwanadamu ndiyo mlango ambao ukombozi wa vyote vingine umeamriwa upitie, ndiyo maana subira yake haikosi mpaka: katika mfano wa mtini usiozaa mwenye shamba anaombwa mwaka mmoja zaidi, naye mtunzaji anaahidi kuupalilia na kuutilia samadi, lakini haombi miaka isiyo na mwisho. Wapo, tangu zama za Origen, mwanateolojia wa karne ya 3, waliosoma maneno “hapendi mtu yeyote apotee” kuwa ahadi kwamba mwishowe hatapotea hata mmoja. Sura yenyewe haikubaliani nao kwa urahisi, kwa maana mistari miwili nyuma inataja siku ya hukumu ya wasiomcha Mungu. Inaeleza mapenzi ya Mungu yalivyo. Haisemi kwamba watu wote wameyakubali.

Kutokana na hayo, kazi inayofanywa katika dunia hii wakati wa kungoja inapata uzito wa pekee. Paulo, baada ya sura ndefu kuliko zote alizoandika kuhusu ufufuo, hamalizi kwa kuwaambia Wakorintho waitazame mbingu, bali waimarike na kuzidi sana kutenda kazi ya Bwana, wakijua kwamba taabu yao si bure. Wathesalonike, ambao baadhi yao walikuwa wameacha shughuli zao, walielekezwa wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1965 kwamba kuitazamia nchi mpya hakupaswi kudhoofisha bidii ya kuistawisha nchi hii, bali kuichochea. Nakubaliana na hilo kwa moyo wote, kwa tahadhari moja: hatuujengi uumbaji mpya sisi. Mbegu inayopandwa, kidonda kinachofungwa, mto unaoachwa safi na deni linalosamehewa haviuleti mji utokao kwa Mungu. Ni kazi ambazo zitaonekana siku ile, kama nakala za kale zinavyosema, na ambazo Mungu anaweza kuzipokea na kuzitakasa.

Ila Petro anatumia neno moja linaloonekana kwenda mbali zaidi. Katika mstari wa 12 anawaambia wasomaji wake waitazamie siku ya Mungu na “kuihimiza”. Mwanadamu anawezaje kuihimiza siku ambayo Baba ameiweka katika mamlaka yake mwenyewe? Jibu linapatikana, nadhani, katika hotuba ambayo Matendo 3 inampa Petro huyo huyo kwenye ukumbi wa Sulemani, baada ya kiwete kuponywa hekaluni. Anawaambia watu watubu, dhambi zao zifutwe, zipate kuja nyakati za kuburudishwa kwa kuwako kwake Bwana, apate kumtuma Kristo, ambaye ilimpasa kupokelewa mbinguni “hata zije zamani za kufanywa upya vitu vyote”. Toba, kurudi kwa Kristo na kufanywa upya vitu vyote vimefuatana katika pumzi moja. Ikiwa Mungu anakawia kwa sababu anangoja watu wageuke, basi kila anayegeuka anaondoa sehemu ya sababu ya kukawia, na kanisa linalohubiri toba na kuishi sasa kwa haki itakayokaa katika nchi mpya linakwenda kuilaki siku hiyo, wala halikai tu likiihesabu. Kwa sababu hiyo Petro, akikaribia kuufunga waraka wake, anawaagiza wasomaji wauhesabu uvumilivu wa Bwana kuwa ni wokovu, akiongeza kwamba ndugu yake mpenzi Paulo amewaandikia hayo hayo.